Moto Mlimani na Maji Bondeni

Somo letu la leo ni moto wa msituni.

Mwezi wa Oktoba 2020 mlima Kilimanjaro uliwaka zaidi ya wiki moja. Watu mamia walipanda kuuzima, wakiupiga kwa matawi mabichi, maana magari ya zimamoto hayafiki kila mahali huko juu.

Wewe ukaaye bondeni wauliza, yanihusu nini? Miti ya juu hunasa ukungu. Ukungu huwa matone, matone huingia ardhini, ndiyo maji ya mfereji wako. Miti ikiungua, maji hayo hupungua.

Nawe mrina asali (asali ni tamu, sikatai), usitupe kienge chako. Kizime kwa maji au udongo. Gusa majivu. Yakiwa bado na joto, usiondoke.