Waya Mmoja, Kompyuta Nyingi
Msafiri atokaye Dar es Salaam afikapo Chalinze hukuta barabara ikigawanyika: moja yaelekea Morogoro, nyingine Segera. Waya wa intaneti uingiao nyumbani au shuleni nao huhitaji njia panda yake, nayo ni ruta. Kwa kawaida mtandao wa nje huitambua nyumba kwa anwani moja tu. Ruta huzipa kompyuta anwani za ndani, kama 192.168.1.2, kisha huandika katika jedwali kila ombi limetoka wapi, ili jibu lisipotee. Mbinu hii ilielezwa mwaka 1994, ilipobainika kuwa anwani zote, kama bilioni 4.3, hazitautosha ulimwengu.

Hata hivyo, ruta haiongezi kasi: kompyuta 10 zikigombea megabiti 20 kwa sekunde, kila moja hupata wastani wa 2. Basi mwalimu na apakue somo mara moja, kisha alisambaze kwa nyaya za ndani, zisizoilemea njia ya nje.