Silaji Nzuri, Maziwa Salama

Leo tuangalie chakula cha ng'ombe anayemkamia mtoto wako maziwa.

Silaji ni mahindi mabichi au majani ya nepia yaliyokatwakatwa, yakashindiliwa na kufunikwa hewa isiingie. Humo ndani, bakteria wazuri, jamaa ya wale wanaogandisha maziwa kuwa mala, hugeuza sukari ya majani kuwa asidi inayozuia kuoza. Bakteria hao pia huuzwa, nawe huwanyunyizia majani kabla ya kushindilia. Wanasaidia, lakini hewa ikibaki ndani, ukungu utaota vilevile.

Ukungu huweza kuleta sumu ya aflatoksini. Ng'ombe akiila, sumu hupita hadi kwenye maziwa, na kuchemsha hakuiondoi. Mtoto hudhurika upesi kwa kuwa mwili wake bado mdogo.

Kwa hivyo mama, silaji yenye ukungu itupe. Na yale mahindi yaliyooza ambayo nyumbani mmekataa kuyala, usimpe ng'ombe wala kuku, yatawarudia mezani. Maziwa nayo endelea kuyachemsha, maana vijidudu vingine hufa kwa moto.