Asemaye kesho ni mwongo: msichana anayeuawa kila Jumatatu

Waswahili husema leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Msemo huo unamfaa sana Tree Gelbman, mwanafunzi wa chuo kikuu katika filamu ya Kimarekani iitwayo Happy Death Day, kwa sababu kwake yeye kesho haifiki kabisa. Anaamka Jumatatu tarehe 18 Septemba, siku aliyozaliwa, kitandani kwa kijana asiyemkumbuka hata jina, kichwa kinamgonga kwa ulevi wa jana yake. Usiku anapokwenda kwenye sherehe anachomwa kisu na mtu aliyevaa kinyago cha uso wa mtoto mchanga. Anafumba macho, anafumbua: Jumatatu tena, kitanda kile kile, na simu yake inalia muziki ule ule wa siku ya kuzaliwa.

Filamu hii, iliyoongozwa na Christopher Landon, ilianza kuonyeshwa Marekani Ijumaa ya tarehe 13 Oktoba 2017, siku ambayo wenzetu wa huko wanaiona ya nuksi. Kampuni ya Blumhouse iliitengeneza kwa dola milioni 4.8 tu, ambazo Hollywood ni kama fedha za chai, nayo ikaingiza zaidi ya dola milioni 125 duniani kote. Siku inayojirudia ina faida yake kwa mwenye kulipa bili: bweni ni lile lile, uwanja wa chuo ni ule ule (ni Chuo Kikuu cha Loyola, mjini New Orleans), na wapita njia ni wale wale. Mtazamaji halalamiki, maana kuviona vitu hivyo mara ya tano ndiyo raha yenyewe.

Na raha ipo. Mara ya pili Tree anakwepa njia aliyofia, lakini anauawa kwingine. Mara ya tatu anajifungia chumbani, anasukuma makabati mlangoni, kumbe muuaji yumo ndani tayari. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, na huyu msichana hata jina lake ni Mti! Baadaye anakata shauri la kufanya upelelezi. Anaandika orodha ya wote wenye sababu ya kumchukia, na orodha ni ndefu, kisha anamfuatilia mmoja baada ya mwingine. Kila anapokosea anauawa, anaamka kwa hasira, anafuta jina na kuendelea. Asubuhi moja, kwa kuwa hakuna atakayekumbuka, anakatiza uwanja wa chuo akiwa uchi wa mnyama huku akitabasamu. Jessica Rothe, mwigizaji ambaye kabla ya hapo hakuwa akijulikana sana, ndiye anayeibeba filamu nzima. Uso wake unapita kutoka woga hadi kiburi, kutoka kiburi hadi kichekesho, kabla hujamaliza kutafuna bisi zako.

Kwa wanaozijua filamu za visu, tangu Halloween ya mwaka 1978 na Friday the 13th ya mwaka 1980, kuna kanuni moja ambayo haikuandikwa popote. Msichana mlevi, mwenye wanaume wengi na mdomo mchafu hufa mapema, na yule mpole mwenye adabu hubaki hai mpaka mwisho. Tree ni wa kundi la kwanza. Anatembea na mhadhiri mwenye mke, anawadharau wenzake, na keki ndogo yenye mshumaa aliyopewa kwa mapenzi anaitupa kwenye pipa la takataka mbele ya macho ya aliyempa. Katika filamu ya kawaida angekufa dakika ya kumi na tungemsahau. Hapa anakufa dakika ya kumi, kisha tunalazimika kukaa naye.

Ndipo tunapogundua kwamba siku ile haikuwa yake peke yake. Mama yake alizaliwa tarehe hiyo hiyo, na walikuwa wakiisherehekea pamoja. Mama alifariki. Baba anapiga simu kutwa kumkumbusha kwamba wameahidiana chakula cha mchana, naye anaiacha ilie. Tulio mbali na nyumbani tunaijua simu ya namna hiyo. Inapofika zamu ambayo Tree anakwenda hotelini kweli na kukaa mbele ya baba yake, ukumbi uliokuwa ukicheka unanyamaza. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye filamu. Kisu kilikuwa kisingizio tu.

Watengenezaji pia hawakuufanya uhai wake kuwa wa bure. Ana roho ya paka, lakini kila kifo kinaacha kovu ndani ya mwili, na daktari anashangaa mtu huyu anaishije. Kwa hiyo hana Jumatatu nyingi za kuchezea. Usiku mmoja anampiku mtu anayeamini ndiye muuaji wake, na akimmaliza ataiona Jumanne. Lakini Carter, yule kijana mwenye kitanda, ameuawa akimtetea. Siku ikipita, Carter hatarudi. Tree anachagua kufa kwa hiari ili siku ianze upya. Tukio hilo ni zito, na anayetazama na watoto ajue hivyo mapema, ingawa damu inayoonekana katika filamu hii ni kidogo.

Jina la muuaji hatulitaji hapa. Niseme tu kwamba sababu yake ni nyepesi, na Carter ni mwema kupita kiasi. Mwisho uliopigwa picha kwanza ulikuwa mwingine, wa huzuni zaidi. Watazamaji wa majaribio hawakuupenda, ukabadilishwa. Waliulinda vizuri. Wala filamu haijifanyi kuwa ya kwanza kubuni jambo hili. Katika dakika za mwisho Carter anamwambia Tree kwamba mkasa wake unafanana na Groundhog Day, ile ya Bill Murray ya mwaka 1993, naye haijui kabisa.

Ya pili, Happy Death Day 2U, ilitoka Februari 2019 na kukusanya dola zipatazo milioni 64, karibu nusu ya ile ya kwanza. Imejaa mashine na wanafunzi wa fizikia wanaotaka kueleza jambo ambalo hatukuomba lielezwe. Lakini ina swali moja zuri: Tree anajikuta katika ulimwengu mwingine ambako mama yake yu hai, ila Carter ana mchumba mwingine, naye anatakiwa aamue abaki huko au arudi. Anamkuta mama hotelini. Rothe hasemi mengi hapo, anamkumbatia tu na hataki kumwachia.