Motokaa za Umeme na Njia ya Nyeri

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nyeri, masafa yapatayo kilomita 150, huteremka hadi Sagana, kisha huanza kupanda kuelekea Karatina huku mlima Kenya, mawingu yakiridhia, ukimchungulia upande wa kulia. Njia hiyo yatosha kutufahamisha kadhia ya motokaa za umeme, ambazo aghalabu ya watu hudhani ni jambo jipya, ilhali zilishamiri zaidi ya miaka 120 iliyopita.

Mwaka 1897 teksi za umeme zilikuwa zikichukua abiria London na New York. Na mwaka 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy akakiendesha chombo cha umeme kwa mwendo uliopita kilomita 100 kwa saa, jambo ambalo hakuna motokaa yoyote iliyopata kuliweza kabla yake. Mabibi wa mijini walizipenda motokaa za umeme, kwani hazikuwa na moshi wala kishindo, wala injini yake haikutaka kuzungushwa hendeli kwa nguvu za mabega. Clara, mkewe Henry Ford, naye alikuwa na yake ya umeme, hali mumewe ndiye aliyekuwa akiziangamiza kwa Model T, iliyotoka mwaka 1908 na kuzidi kushuka bei. Mwaka 1912 Cadillac ikatia kifaa cha kuwashia injini, na hendeli ikastaafu.

Ila kwa maoni yangu, hasimu mkubwa zaidi alikuwa debe. Petroli iliyotiwa katika debe la galoni nne iliweza kupakiwa garimoshini, mkokotenini, hata begani mwa hamali, ikafika mahali ambapo waya wa umeme haujaota hata ndotoni. Na madebe yenyewe yalipokwisha kazi hiyo yakapata nyingine, maana hata leo viazi na mahindi katika soko la Karatina hupimwa kwa debe. Betri haikuwa na tadbiri hiyo. Ilipoishiwa ilibidi irudi penye mtambo, na mitambo ilikuwa mijini.

Kenya nayo imeonja mfano wa kadhia hiyo. Mwaka 2018 teksi za Nopea Ride, aina ya Nissan Leaf, zilianza kazi Nairobi, zikichajiwa kwenye maduka makubwa. Mwaka 2022 kampuni ya Ufini iliyozimiliki ikafilisika, nazo zikakoma. Kilichoziua ni ukosefu wa mtaji, si ubovu wa injini. Lakini Leaf za mwanzo, zilipokuwa mpya, zilikadiriwa kwenda kilomita 117 tu kwa chaji moja: nyingi kwa jiji, na kwa njia yetu ni kukwama kabla ya Karatina, kilimani hasa. Dereva gani wa matatu ya 2NK, chama cha njia hii, angekubali?

Betri za leo huenda mbali zaidi ya hapo maradufu. Ushuru wa bidhaa kwa motokaa za umeme ulipunguzwa mwaka 2019 kutoka asilimia 20 hadi 10, na umeme wetu mwingi hutokana na mvuke wa Olkaria, maji na upepo. Kilichosalia ni vituo vya kutosha vya kuchajia njiani, na hapo pana mvutano: mwenye mtaji ataka ayaone magari kwanza, na mwenye gari ataka kwanza akione kituo.