Upeo wa Majina katika Majaribio ya Lisp

Jina halitambuliki maana yake mpaka ijulikane limefungwa wapi. Kanuni hiyo, waliyoizoea wanaisimu katika viwakilishi, yatawala pia Lisp, lugha ya kompyuta iliyobuniwa na John McCarthy mwaka 1958.

Tuseme fanksheni «safisha» huiita «futa-faili». Anayeijaribu «safisha» hataki faili za kweli zifutwe. Kwa hiyo huweka fanksheni ya bandia mahali pa «futa-faili». Katika Common Lisp, akiifunga bandia hiyo kwa flet, amekosea. Flet hulifunga jina ndani ya maandishi yake tu, na «safisha» iliandikwa nje yake. Basi itaiita fanksheni ya asili, na faili zitapotea. Huo ndio upeo wa maandishi. Hapana budi kuibadilisha fanksheni iliyomo katika jina lenyewe, kisha kuirudisha hata jaribio likivunjika. Katika Emacs Lisp, cl-letf hufanya hivyo.

Bandia yaweza pia kuhesabu imeitwa mara ngapi. Katika upeo wa maandishi, hukichukua kigeu cha hesabu kilichoizunguka ilipoundwa; fanksheni ya namna hiyo ni kloja. Lakini katika upeo wa mwito, uliotawala Emacs Lisp kabla ya toleo la 24 la mwaka 2012, kigeu hutafutwa kwa mwitaji. Mwitaji akiwa na kigeu chenye jina lilo hilo, hesabu huangukia humo.

Kwa hiyo jaribio kufaulu si ushahidi, mpaka ithibitike ni fanksheni ipi iliyoitwa.