Je, Tujenge au Tununue?

Vijana wawili wanapooana huko Nyaramba, katika Kaunti ya Nyamira, jambo moja linalozungumzwa mapema na jamaa ni nyumba. Aghalabu baba wa kijana humwonyesha mwanawe pembe ya shamba, kati ya chai na migomba, akamwambia, "Jenga pale." Lakini siku hizi vijana wengi hufanya kazi mbali na kwao, nao hujiuliza: Je, si afadhali kununua kiwanja karibu na soko, au nyumba iliyokwisha kujengwa mjini?

Watu wengi hulijibu swali hili kwa kulinganisha bei tu. Bei ni jambo kubwa, lakini si la kwanza. La kwanza ni hili: ardhi itakayobeba nyumba hiyo imeandikwa kwa jina la nani? Kwa sheria, jengo lililoshikamana na ardhi huhesabiwa kuwa sehemu ya ardhi hiyo. Mtu aweza kununua kila tofali na kila bati kwa jasho lake, na mwisho nyumba ikawa mali ya mwingine.

KUJENGA KATIKA SHAMBA LA BABA

Faida zake ni wazi. Hakuna kiwanja cha kununua, jamaa wako karibu, na nyumba yaweza kujengwa kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta.

Hatari yake imo katika hati. Mara nyingi shamba bado li katika jina la baba, na pengine la babu aliyekwisha kufariki. Mwenye jina akifa bila wosia, shamba lote huingia katika urithi. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inamhifadhi mjane na kuwahesabu watoto wote, wa kiume na wa kike, walioolewa na wasioolewa. Pale palipoonyeshwa kwa kidole tu paweza kudaiwa na wengine, na ndugu waliokula sahani moja wakapelekana mahakamani.

Mke kijana ndiye aliye katika hatari zaidi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inakataza nyumba ya ndoa kuwekwa rehani au kupangishwa bila idhini ya maandishi ya mume na mke. Lakini sheria hiyo inaeleza kwamba nyumba ya ndoa ni ile inayomilikiwa au kukodiwa na mmoja wao au wote wawili. Nyumba iliyo juu ya ardhi ya baba mkwe yaweza kukosa kinga hiyo.

Basi, yafaa jambo hili litengenezwe wakati baba yu hai. Jamaa wote wakae pamoja, wapatane, kisha wamwite mpima ardhi. Waombe idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi ili shamba ligawanywe, na sehemu ya kijana iandikishwe kwa jina lake, au kwa majina ya mume na mke pamoja. Ikiwa hati ni ya marehemu babu, kazi huanzia mahakamani kwa kesi ya urithi, na chifu huombwa barua ya kuwatambulisha warithi. Hayo huchukua muda na fedha, lakini ni nafuu kuliko kuvunja nyumba.

KUNUNUA KIWANJA

Asiyeweza kupata hati nyumbani aweza kununua kiwanja. Hapa haraka ndiyo adui. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, mnunuzi aende ofisi ya ardhi, aombe daftari lipekuliwe, apate kujua mwenye ardhi ni nani na kama ina deni au zuio. Kisha aende mahali penyewe pamoja na mpima ardhi, atazame mawe ya mipaka, na awaulize majirani. Kama muuzaji ana mke au mume, idhini yake itakiwe pia.

Mapatano ya kununua ardhi sharti yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote mbili, na yashuhudiwe. Ikiwa ni ardhi ya kilimo, idhini ya Bodi iombwe kabla ya miezi 6 kupita tangu siku ya mapatano; bila idhini hiyo, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inasema mapatano ni batili. Tena mnunuzi asisahau kuweka akiba ya ushuru wa stempu, nao ni asilimia 2 ya thamani kwa ardhi ya mashambani na asilimia 4 kwa ardhi ya mjini.

KUNUNUA NYUMBA KWA MKOPO

Njia hii huwafaa wachache. Mwaka 2021 mikopo ya nyumba katika mabenki ya Kenya nzima haikufika 30,000. Sababu yaonekana kwa hesabu. Tuseme mtu amekopa Sh. 3,000,000 kwa riba ya asilimia 13, alipe kwa miaka 20. Kila mwezi atatoa Sh. 35,000 na zaidi kidogo, na mwisho atakuwa amelipa kama Sh. 8,400,000. Mwenye mshahara wa kudumu na kazi ya miaka mingi mjini aweza kuuchukua mzigo huo. Mwenye kutegemea bonasi ya chai au biashara ndogo afikiri sana.

BASI, TUFANYE NINI?

Ikiwa baba yu tayari kuandika, jengeni nyumbani. Anzeni na vyumba viwili vilivyokamilika, vyenye msingi ulioinuka, kwa kuwa mvua ya Gusii ni nyingi, kisha mwongeze. Nyumba ndogo yenye paa hukaliwa; nyumba kubwa iliyokwama kwenye linta hunyeshewa. Tena msiiweke katikati ya shamba na kuila ardhi ya chai.

Ikiwa baba hayuko tayari, msigombane naye wala msijenge kwa kutumaini. Pangeni chumba, wekeni akiba katika Sacco, na mnunue kiwanja chenye hati safi.

Na kwa kila njia, mume na mke waende pamoja ofisi ya ardhi, na wote wawili wajue hati imewekwa wapi. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wa nyumba nyingi huanzia katika karatasi, kabla tofali la kwanza halijawekwa.