Mnenguaji anayeanza usiku akidaiwa

Msomaji, ukisikia mnenguaji wa klabu za utupu amepata ugonjwa wa zinaa, haraka unafikiria tabia yake. Leo naomba tuanze na mfuko wake.

Mjini Baltimore, Marekani, kuna eneo la klabu za usiku liitwalo The Block, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins wamechunguza afya ya wanenguaji wa mji huo. Katika klabu nyingi za Marekani mnenguaji hahesabiwi kuwa mwajiriwa. Yeye ndiye anayeilipa klabu ada ili apande jukwaani, kisha bakshishi anagawana na mpiga muziki na walinzi. Anaanza zamu akidaiwa. Wateja wakiwa wachache, hadi saa nane usiku ada haijarudi, na kodi ya nyumba inamsubiri. Hapo mteja anamwita chumba cha faragha na kumwongezea dau ili wasitumie kondomu. Weka na pombe, ambayo mara nyingi ni sehemu ya kazi, maana klabu inapata faida mteja akimnunulia. Ukimwambia mtu huyu "tumia kinga" bila kuuliza habari ya deni, umempa nusu ya tiba.

Wahudumu wa baa zetu wataielewa hesabu hii, ingawa wao hawavui nguo: mshahara mdogo, glasi ikivunjika anakatwa, mteja akitoroka na bili analipa yeye.

Kama kazi yako ni ya namna hii, usisubiri maumivu. Klamidia na kisonono kwa mwanamke mara nyingi havina dalili. Pima pia VVU, kaswende na homa ya ini ya B, ambayo ina chanjo. Ulizia PrEP, dawa za kujikinga na VVU kabla ya hatari. Kondomu ikipasuka, au ukilazimishwa, wahi kituo cha afya; dawa za PEP huanza kabla ya saa 72 kupita, na kila saa ina thamani. Mhudumu akikusimanga (wapo, najua), omba mwingine.

Nawe mzazi, ukigundua binti yako ananengua, usimfungie mlango. Asiye na pa kulala hana nguvu ya kumkatalia mteja. Muulize kwanza anadaiwa kiasi gani, na nani anamdai.